Nani anasema? Kitabu cha Cicero katikati ya magomvi ya dini

Mwanzoni mwa karne ya 4, katika mji wa Sicca kaskazini mwa Afrika, ambao leo ni El Kef nchini Tunisia, mwalimu wa ufasaha aitwaye Arnobius aliandika habari ya kushangaza. Alisema amewasikia watu wakinung'unika kwa hasira kwamba Seneti ya Roma itoe amri vitabu fulani vifutiliwe mbali, kwa kuwa vinaipa nguvu dini ya Wakristo na kuyavunjia heshima mapokeo ya wazee. Ukisikia hivyo utadhani ni Injili inayosemwa. Sivyo. Vilikuwa vitabu vya Cicero, Mrumi aliyeshika ibada za miungu ya Roma na kuuawa mwaka 43 KK, miongo kadhaa kabla Yesu hajazaliwa.

Arnobius, ambaye mwenyewe alikuwa ameingia Ukristo akiwa mtu mzima, aliwajibu vizuri sana. Kama mnaona Cicero amekosea, mjibuni, yavunjeni maneno yake kwa hoja. Kuyanyang'anya maandishi na kukificha kitabu ambacho kimeshatoka si kuitetea miungu, ni kuogopa ukweli usije ukashuhudia.

Imekuwaje kitabu cha mtu asiye Mkristo kikawatisha wasio Wakristo? Na imekuwaje kitabu hichohicho, miaka zaidi ya 1,400 baadaye, kikawatisha Wakristo? Nataka tukifuate kitabu kimoja tu, Juu ya Asili ya Miungu, ambacho kwa Kilatini huitwa De natura deorum. Ukikielewa hiki, magomvi mengi ya dini ya Ulaya ambayo kwa mbali ni kama uzi uliosokotana yanaanza kufunguka.

Cicero alikiandika mwaka 45 KK. Mwezi Februari wa mwaka huo binti yake Tullia alikuwa amefariki muda mfupi baada ya kujifungua, na baba hakupata nafuu kwa lolote isipokuwa kuandika. Siasa nayo ilikuwa imemfungia mlango, maana Julius Caesar alishika kila kitu. Basi akakaa kwenye nyumba zake za shamba akaanza kuihamisha falsafa ya Wayunani kwenye Kilatini, kitabu baada ya kitabu, kwa kasi ambayo hata leo ni vigumu kuamini.

Hakuandika risala. Aliandika mazungumzo. Wanaume watatu wanakutana siku za sikukuu nyumbani kwa Gaius Cotta na kubishana kuhusu miungu: wapo au hawapo, wanatujali au hawatujali. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili tayari anawafahamu wawili wa kwanza kwa majina ya makundi yao, kwa kuwa Matendo ya Mitume sura ya 17 inasema Paulo alikutana Athene na Waepikureo na Wastoiko. Velleius ni Mwepikureo. Kwake miungu ipo, ila inaishi katika raha isiyo na usumbufu, haikuumba ulimwengu wala haina shughuli nasi. Kisha anauliza swali ambalo halijaacha kuulizwa hadi leo: kama Mungu alijenga ulimwengu, alikuwa akingoja nini miaka yote isiyohesabika kabla ya hapo?

Balbus ni Mstoiko. Yeye anasema ukitazama mpangilio wa mbingu na viumbe huwezi kukwepa kuona akili inayoongoza. Tuchukue, anasema, ile mashine ya duara aliyoitengeneza Posidonius, inayoonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari tano. Ipelekeni Britania, kwa watu wasiostaarabika kabisa. Yupo hata mmoja atakayesema imejitengeneza? Na mtu akizimwaga chini herufi 21 za Kilatini, nyingi upendavyo, ziwe za dhahabu au za kitu kingine chochote, zitajipanga zenyewe na kuwa utenzi wa Ennius? Balbus hadhani kwamba bahati ingeweza kutoa hata mstari mmoja.

Wa tatu ni Cotta mwenyeji, na huyu ndiye wa kumwangalia kwa makini. Kwa falsafa ni mtu wa Akademia, shule iliyofundisha kwamba binadamu hafikii uhakika kamili, anapima tu lipi lina uwezekano zaidi. Kwa kazi ni kuhani, mmoja wa baraza la makuhani wakuu wa Roma. Anawavunjia wenzake hoja zote mbili, halafu anasema kwamba dini ya Roma anaishika hata hivyo. Mababu anawaamini bila kuwadai sababu. Lakini wewe Balbus ni mwanafalsafa, kwa hiyo wewe nakudai sababu.

Cotta ndiye mwenye visa vinavyong'ang'ania kichwani. Anasimulia juu ya Diagoras, aliyeitwa mkana miungu, alipofika kisiwa cha Samothrace. Hekaluni kulikuwa na vibao vingi vilivyochorwa, vilivyotundikwa na mabaharia waliookoka dhoruba baada ya kuweka nadhiri. Rafiki yake akamwambia: wewe unayesema miungu haiwajali wanadamu, huoni vibao hivi vyote vya watu waliookolewa? Diagoras akajibu kwamba ni kweli, kwa sababu waliozama hawakuchorwa mahali popote.

Jaribu kusimama mbele ya vibao hivyo. Ukuta umejaa, kila kibao ni shukrani ya kweli ya mtu wa kweli, na hakuna hata kimoja kinachodanganya. Kinachokosekana ni kile ambacho ukuta hauwezi kukionyesha. Mwaka 1620 Mwingereza Francis Bacon alikichukua kisa hiki, bila kumtaja Diagoras, kueleza jinsi akili ya binadamu inavyohesabu yanayoikubalia na kuyapita yanayoikataa. Wanatakwimu wa leo bado wanalifundisha jambo hilo.

Na Cicero mwenyewe yuko wapi? Yumo chumbani, kijana, ameketi anasikiliza. Mwanzoni anasema tu kwamba amekuja kusikiliza, kisha hasemi kitu mpaka sentensi ya mwisho ya kitabu. Hapo anasema wakaagana, Velleius akiona hoja za Cotta ndizo za kweli zaidi, naye mwenyewe akiona hoja za Balbus zimekaribia zaidi kufanana na ukweli. Basi. Hakuna hakimu, hakuna aliyeshindwa. Zaidi ya hapo, ni sentensi ya kushangaza: kitabu kizima kimempa Cotta neno la mwisho, Cicero mwenyewe ni mtu wa Akademia kama Cotta, halafu kura yake anampa Balbus. Alimaanisha? Au alijikinga, yeye aliyekuwa mjumbe wa baraza la serikali lililosoma ishara za ndege? Kwa sentensi hiyo moja watu walikuja kurushiana maneno kwa karne nyingi.

Sasa turudi kwa Wakristo wa mwanzo. Aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya dini anajua kwamba hoja inayouma kuliko zote ni ile inayotolewa kwenye kitabu cha mwenzako. Cicero aliwapa Wakristo hasa hicho. Cotta na Balbus walikuwa wameshawacheka miungu waliozini, waliopigana, waliozaliwa na kuzeeka. Mkristo hakuhitaji kuwatukana miungu wa jirani yake. Ilitosha kufungua Cicero na kusoma. Ndiyo maana wale wa Sicca walinung'unika.

Lakini Mkristo mmoja alifanya zaidi ya kunukuu. Minucius Felix, aliyeandika Kilatini mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa ya 3, alitunga mazungumzo yake mwenyewe juu ya kiunzi cha Cicero. Marafiki watatu, Minucius mwenyewe, Caecilius na Octavius, wanatembea ufukweni Ostia, bandari ya Roma. Caecilius anapita mbele ya sanamu ya Serapis na kuirushia busu kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi. Octavius, Mkristo, anamlaumu Minucius kwa kumwacha rafiki yake katika upofu huo. Wanatazama watoto wakirusha vigae ili viruke juu ya maji, kisha wanaketi kubishana. Caecilius anavaa joho la Cotta: hakuna la uhakika, kwa hiyo tubaki na dini ya wazee. Octavius anavaa la Balbus: tazama mbingu, tazama mpangilio, yupo anayeongoza. Hoja ni za zamani, kilichobadilika ni mwisho. Minucius amewekwa kuwa mwamuzi, lakini kazi inamponyoka, kwa kuwa Caecilius anajisalimisha mwenyewe. Tumeshinda wote wawili, anasema. Octavius amenishinda mimi, na mimi nimeyashinda makosa yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kusokotana. Mstoiko Balbus hakuwa akimtetea Mungu wa Ibrahimu. Mungu wake ni ulimwengu wenyewe ukiwa na akili ndani yake, na jua na nyota kwake ni miungu. Wakristo walichukua hoja yake ya mpangilio wakaacha hitimisho lake.

Lactantius, mwanafunzi wa Arnobius, alikwenda mbali zaidi. Alifundisha Kilatini katika mji wa Nikomedia, Uturuki ya leo, ndiko yalikoanzia mateso makubwa ya Wakristo mwaka 303, na baadaye akawa mwalimu wa mtoto wa Kaisari Konstantino. Aliandika Kilatini safi hata watu wa karne ya 15 wakamwita Cicero wa Kikristo. Aligombana na Cicero hata juu ya neno lenyewe linalotaja dini, religio. Cicero, kwa kinywa cha Balbus, alilitoa kwenye kitenzi cha kupitia jambo tena na tena kwa uangalifu. Lactantius akakataa: limetoka kwenye kufunga, kwa kuwa tumefungwa kwa Mungu kwa kamba ya uchaji. Wa kwanza anaona dini kama utaratibu wa ibada unaotunzwa vizuri, wa pili anaiona kama kifungo kati ya mtu na Muumba wake. (Kwetu neno lilikuja kutoka Kiarabu, na mzizi wa dini una herufi zilezile za mzizi wa deni. Ingefaa mtu alikalie hilo na kulifikiri.)

Lactantius ana mchango mwingine ambao hakuukusudia. Sehemu ya kitabu cha tatu cha Asili ya Miungu, Cotta anapoushambulia ulezi wa miungu, imepotea, na kipande kinachojulikana tunakipata kwake, kwa kuwa alikinukuu ili akijibu. Hali kadhalika, katika kitabu chake juu ya hasira ya Mungu aliiandika hoja aliyosema ni ya Epikuro: Mungu anataka kuondoa maovu lakini hawezi? Basi ni dhaifu. Anaweza lakini hataki? Basi ana kijicho. Anataka na anaweza? Basi maovu yametoka wapi? Akaiandika kikamilifu, kwa haki, kisha akatoa jibu lake. Wengi wameshalisahau jibu lake. Hoja imebaki.

Augustino anataka tukae naye kidogo. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa kijana Karthago alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, ambacho sasa kimepotea, na anasema mwenyewe katika Maungamo kwamba kitabu hicho ndicho kilichoubadili moyo wake na kuzigeuza sala zake kuelekea kwa Mungu. Deni hilo hakulikana. Lakini mwaka 413, baada ya Wagothi kuiteka Roma mwaka 410, alipoanza kuandika Mji wa Mungu, alifika mahali pa kumkabili mwalimu wake uso kwa uso.

Suala lilikuwa hili. Kama Mungu anajua leo nitakachofanya kesho, naweza kweli kufanya kingine? Cicero, kama Augustino anavyomweleza, alifunga mlolongo pingu kwa pingu. Yajayo yakijulikana, yatakuja kwa utaratibu uliojulikana. Utaratibu wa matukio ukiwa thabiti, na wa sababu zake ni thabiti. Hapo kila kitu kimekadiriwa, hakuna kilicho mikononi mwetu, na sheria, lawama na sifa hazina maana. Mtu achague: ama Mungu ajue yajayo, ama binadamu awe na hiari. Cicero, mtu wa mahakama na wa jamhuri, akachagua hiari. Augustino akamjibu kwa sentensi kali: akitaka kuwafanya watu huru, amewafanya makafiri. Kisha akatoa njia yake. Utashi wetu wenyewe ni mojawapo ya sababu zilizomo katika utaratibu ule, na Mungu anaujua pamoja na sababu nyingine. Kuujua si kuufuta.

Ukubali jibu hilo au usilikubali, tazama jinsi Augustino alivyosoma. Anasema wazi kwamba katika Asili ya Miungu Cicero alimpa Cotta kazi ya kushambulia, akajionyesha kuwa upande wa Balbus, lakini katika kitabu cha Uaguzi alizungumza kwa jina lake mwenyewe kuukataa ujuzi wa yajayo. Aliuliza nani anasema kabla ya kuuliza nini kimesemwa. Wengi waliomfuata hawakuwa na uangalifu huo.

Mwaka 1524 Erasmus, msomi Mkatoliki, alimwandikia mwanamageuzi Martin Luther juu ya hiari kwa namna ya mtu anayepima rai za pande mbili kwenye mizani, na kukiri kwamba anapenda zaidi kupima kuliko kukata shauri. Luther alimjibu mwaka 1525, na jawabu moja lilikuwa fupi: Roho Mtakatifu si mtu wa mashaka. Ulikuwa ugomvi juu ya wokovu, lakini pia juu ya kama Mkristo anaruhusiwa kuzungumza kama Cotta.

Calvin, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, alikulia humohumo. Kitabu chake cha kwanza, mwaka 1532, kilikuwa ufafanuzi wa maandishi ya Mrumi mwingine, Seneca, juu ya huruma ya mtawala. Katika Mafundisho yake ya dini ya Kikristo anasema, akimnukuu yule mpagani bila kumtaja jina, kwamba hakuna taifa lililo nyuma kiasi cha kukosa imani kwamba Mungu yupo. Hoja ya namna hiyo Cicero anayo zaidi ya mahali pamoja. Lakini katika Asili ya Miungu anayeitoa ni Velleius, Mwepikureo anayesema miungu haitujali, mtu wa kundi ambalo Calvin alilikemea kwa nguvu zote. Na papo hapo Cotta anamwuliza Velleius umejuaje wanachoamini mataifa yote. Yeye anadhani yapo mengi yasiyomwazia mungu kabisa.

Swali la Cotta lilifika Afrika kwa njia mbaya. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza John Locke, akikataa kwamba wazo la Mungu tunazaliwa nalo, alitaja taarifa za wasafiri kuhusu watu wasio na Mungu, wakiwemo wa ghuba la Soldania upande wa Rasi ya Tumaini Jema. Wakhoikhoi wa huko walikuwa na dini yao, na Tsui-Goab waliyemwomba mvua. Wasafiri hawakujua lugha, hawakuona jengo, wakaandika hakuna. Wanaoutetea Ukristo na wanaoupinga walibishana juu ya mtu wa Rasi kama kipande cha hoja ya kale ya Kirumi, na hakuna aliyemwuliza yeye. Hilo linaniuma kila ninapolifikia.

Mwaka 1713 swali la nani anasema lilifika hadharani. Anthony Collins, Mwingereza aliyetetea haki ya kila mtu kufikiri kwa uhuru juu ya dini, alilalamika kwamba wahubiri wanachukua maneno ya Balbus na kuyaita ya Cicero. Rai halisi ya Cicero, alisema, itafutwe kwa wale wa Akademia. Richard Bentley, mjuzi mkubwa wa Kilatini na kasisi, alimjibu mwaka uleule kwa hasira na elimu nyingi. Mtu mmoja anashika kitabu kizima, mwingine anashika sentensi ya mwisho.

Halafu akaja David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Kwao Edinburgh, kijana wa miaka 20 aitwaye Thomas Aikenhead alinyongwa Januari 1697 kwa kukufuru, miaka 14 tu kabla Hume hajazaliwa. Hume aliandika Mazungumzo Kuhusu Dini ya Asili kuanzia miaka ya 1750, marafiki wakamsihi asiyachapishe, naye akayaweka, akiyarekebisha mpaka mwaka aliofariki, 1776. Adam Smith, rafiki yake wa karibu, hakuwa tayari kubeba kazi ya kuyatoa. Mpwa wa Hume ndiye aliyefanya yachapishwe, mwaka 1779.

Msomaji wa Cicero akiyafungua anajikuta nyumbani. Wapo wazungumzaji watatu. Cleanthes, mwenye jina la Mstoiko wa kale, anatoa hoja ya Balbus: ulimwengu ni mashine kubwa, na mashine ina mtengenezaji. Philo ana jina la mkuu wa Akademia aliyemfundisha Cicero mwenyewe, na anafanya kazi ya Cotta. Wa tatu ni Demea, mshika imani ya mapokeo. Umeona nyumba nyingi zikijengwa, anamwambia mwenzake. Umeona malimwengu mangapi yakijengwa? Na wakifika kwenye mateso ya viumbe, Philo anasema maswali ya kale ya Epikuro bado hayajajibiwa: anataka lakini hawezi? Anaweza lakini hataki? Ni yaleyale aliyoyatunza Lactantius, mtetezi wa imani, miaka zaidi ya 1,400 nyuma.

Mwaka 1802 kasisi William Paley bado alikuwa akitetea upande wa Balbus kwa mfano wa saa iliyookotwa kondeni. Balbus alikuwa ametumia saa ya jua na saa ya maji.

Mazungumzo ya Hume yanasimuliwa na kijana, Pamphilus, ambaye muda wote ameketi maktabani anasikiliza. Philo ameongea zaidi na kwa nguvu zaidi kuliko yeyote. Kijana anafungua kinywa mwishoni kabisa. Anasema, baada ya kuyapitia yote, haoni ila kwamba rai za Philo zina uwezekano zaidi kuliko za Demea, lakini za Cleanthes zimeukaribia ukweli zaidi.